Vidole vya Somo

Bi Nadra amesinga maharusi wa Lamu hata hesabu imempotea. Yeye ndiye somo, mwenye kumfunza mwari mambo ya unyumba na kumsugua singo, manukato ya kusafishia ngozi, mwili mzima kabla ya kutolewa nje. Mwari akijikunyata, humchapa kwa ncha ya leso: "Jifunue, mwanangu! Mficha uchi hazai." Mji mzima wamjua kwa ulimi wake, yasemwa hata kadhi alishawahi kutaniwa naye.

Alasiri ile, sebuleni kwa Bi Hadil huko Wiyoni, ulimi huo ulikwama.

Nesi Wamuyu, mtu wa bara, alikuja kuwafunza wanawake kujipima maziwa yao kama yana uvimbe. Alilala chali mkekani akawaonyesha: mkono mmoja nyuma ya kichwa, vidole vitatu vya mkono wa pili vizunguke polepole hadi kwapani, kila mwezi, hedhi ikishapita siku chache. Kisha akatoa mkobani ziwa la mpira. Watu wakacheka hadi leso zikawavuka.

"Mpeni Bi Nadra!" akasema Bi Hadil. "Hilo ndilo shamba lake."

"Leteni. La nani hili, mbona halijaposwa?"

Akalishika huku akicheka. Vidole havikuzunguka mara mbili. Kando, kuelekea kwapani, palikuwa na kitu kigumu kama kokwa ya ukwaju, hakisogei. Kicheko kikamkauka. Kokwa hiyo alishawahi kuigusa, wala si kwenye mpira.

Mbele yake Saadiya alikuwa akifuta machozi ya kucheka. Miezi saba nyuma alikuwa mwari wake. Siku ya singo vidole vilipita pale, vikarudi, vikapita tena. Bi Nadra akazidisha maji ya waridi, akaanza wimbo. Harusi ilikuwa Ijumaa. Somo gani atamliza mwari na hina haijakauka? Tena ila za mwili wa mwari, somo huzizika. Nitamwambia harusi ikipita, alijisemea. Fungate ikapita, Ramadhani ikapita, na kila walipokutana njiani alimtania habari za mume, akaenda zake mbio.

"Umepata nini, mama?" Wamuyu akauliza.

Bi Nadra aliliweka ziwa chini. "Saadiya, ndoo huku ndani."

"Haya! Somo hajamaliza mafunzo!" Vigelegele vikawasindikiza.

Chumbani, nyuma ya pazia, akaushika mkono wa Saadiya na kumwekea vidole vyake mwenyewe mahali penyewe. Kumtazama hakuweza.

"Ni nini, somo?"

"Sijui. Nesi ndiye atakayejua."

"Na wewe umejuaje kama kiko hapa?"

Bi Nadra akaikodolea macho ncha ya leso yake. "Siku ya singo."

Huko sebuleni mtu alikuwa akiliimbia ziwa la mpira wimbo wa kubembeleza mtoto.

"Ulinifunua mwili mzima," Saadiya akasema taratibu, "ukanificha mimi mwenyewe."

Akamwita Wamuyu. Nesi akapapasa, akasema si kila uvimbe ni saratani, ila huu si wa kungojewa. Kesho asubuhi hospitali. Saadiya akaanza kufunga vifungo. Bi Nadra akanyoosha mkono amsaidie, kama zamani. Mkono ukasukumwa pembeni.

"Nitakupeleka mimi," akanong'ona.

"Utanipeleka. Lakini kwanza twende kwa mama. Na atakayesema ni wewe."

Bi Nadra akajitanda buibui, akatangulia kupita katikati ya wanawake.

"Bi Nadra! Huondoki bila kutupa neno!"

Alikuwa nalo moja tu, na hilo lilikuwa la mamake Saadiya.