Visahani vya Shaba

Tii.

Kimya. Kisha tena gizani, tii, tiii, kama kifaranga kilichokanyagwa.

"Kavinya, zima hicho kitu."

"Mama, imelia kwa mkebe."

Ndinda hakuwa amelala. Tangu jana jioni hasira ilikuwa imemkalia kifuani kama jiko la makaa lililosahaulika bila kuzimwa. Akanyoosha mkono, akakitoa kifaa polepole vidoleni mwa bintiye na kumfunika miguu. Kilikuwa kifaa cha bawabu, kile cha kupekulia watu mlangoni, mpini wake umefungwa kwa utepe mweusi. Kazi yake ya ubawabu ilipokwisha aliokota kimoja kati ya vibovu vilivyotupwa, akakitia betri, akashuka nacho mtoni. Tangu matingatinga yalipozoa tope la mto na kulimwaga ukingoni, ule ufuko wa chini ya mtaa wa Majengo ulikuwa shamba lake. Kifaa kikilia, anachimba kwa kijiko. Vichwa vya mifereji ya maji, funguo, kufuli zilizokufa.

Na vile visahani.

Vilikuwa vidogo, vya shaba, kila kimoja kina tundu juu. Kwa miezi minne alikuwa amechimbua kumi na viwili, na kumi na kimoja kati yake alimuuzia Kweyu mwenye mzani, mnunuzi wa vyuma chakavu. Kweyu hapimi uchafu. Shaba anaitaka ing'ae. Basi kila jioni Ndinda alivisugua kwa majivu na mchanga, kama mama yake alivyomfunza kusugua sufuria kule Mwingi. Alisugua akiimba, mpaka ile mikwaruzo ya juu ikafifia.

Mikwaruzo! Ndivyo alivyodhani.

Jana, kwenye darasa la ngumbaru, la watu wazima wanaojifunza kusoma, Mwalimu Triza alikuwa amewaambia kila mmoja alete kitu chenye maandishi. Mmoja alileta pakiti ya unga, mwingine kopo la dawa ya mende. Ndinda alileta kisahani cha kumi na mbili, ambacho alikuwa bado hajakisugua. Alikitoa kwa fahari, maana herufi sasa alizijua karibu zote. Mwalimu akakisogeza chini ya balbu, akakipangusa tope kwa kidole.

"Mativo," akasoma hatimaye. "Na namba yake. Ndinda, hiki kilivaliwa shingoni na mtu."

Akawaeleza. Vita vya Mwingereza na Mjerumani, zaidi ya miaka mia iliyopita. Wapagazi waliokokotwa vijijini kubeba risasi na mahindi mpaka Tanganyika, wakafa njiani kwa maelfu, kwa kuhara na njaa. "Kariokor, hapo mnapopita kila siku, jina limetoka kwao, Kiingereza cha 'kikosi cha wapagazi' kilichogeuzwa matamshi. Walikuwa na kambi. Wengi hawana kaburi linalojulikana. Ulipata vingine?"

"Niliviuza," Ndinda alisema. Darasa likacheka, kisha likaacha.

Lakini si hilo peke yake lililomkosesha usingizi. Kweyu anajua kusoma. Kweyu hushinda na gazeti, miwani puani, akiwasomea wapakizi habari za mpira. Na leo ni Jumanne, siku ambayo lori lake hupeleka shaba kwenye tanuri.

Walipofika kwa Kweyu jua ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza, Kavinya akiwa na sare ya shule, mkate mkononi, Ndinda na kifaa chake kwapani. Injini ya lori ilikuwa tayari inanguruma.

"Mama Kavinya! Niaje? Leo umewapiku majogoo," Kweyu akasema. "Umeniletea nini?"

"Nimekuja kuchukua. Vile visahani vyangu."

"Vyako? Si uliniuzia?"

"Mzee Kweyu, uliona majina?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Niliona."

"Ukanyamaza."

"Ningekuambia nini? Shaba ni shaba. Hao watu walikufa kabla ya baba yangu kuzaliwa."

"Mimi nilikuwa sijui kusoma!" Sauti yake ikapasuka; wapakizi wakageuka. "Mimi nilisugua majina ya watu kama masizi, nikikuletea, nikikuambia asante. Wewe ulikuwa unasoma! Na huko kwenu Butere hakuna aliyechukuliwa akapotelea huko? Hukuwahi kusimuliwa?"

Kweyu akaangalia pembeni, akarudisha miwani.

"Gunia limeshonwa," alisema kwa sauti ya chini. "Limepimwa. Nenda umpeleke mtoto shule."

"Gunia gani?"

Mpakizi mmoja, Shitanda, akacheka. "Auntie, piga hicho kifaa chako tuone. Hapa kitalia mpaka kesho!"

Ilikuwa kweli. Yadi nzima ilikuwa chuma. Lakini Ndinda aliliona gunia pekee lililoshonwa kwa uzi mwekundu, ule wa magunia ya shaba, akachomoa kisu cha jikoni alichokuja nacho chini ya leso. Shitanda akaacha kucheka. Kisu kikapita kwenye mshono, kraaa, na mifereji na vitasa vikamwagika kwa kishindo hadi miguuni mwa Kweyu.

"Wewe mama, umerukwa na akili?" Shitanda akafoka.

Ndinda alikuwa tayari amepiga magoti. Alichambua kwa mikono miwili kama anayechambua maharagwe, ukucha ukavunjika, hakusikia. Dereva akapiga honi. Akachambua. Chini kabisa vidole vyake vikagusa waya.

Vilikuwa vimetungwa pamoja kama samaki, tundu kwa tundu, ncha za waya zimekunjwa kwa uangalifu.

Ndinda akainua macho. Kweyu ndiye aliyekunja waya ule. Hakuna mwingine hapo mwenye subira hiyo. Hasira yake ikayumba, kisha ikarudi kali zaidi. Alijua. Alijua kiasi cha kuvitunga, na bado akavishonea guniani.

"Viko tisa," alisema.

"Viwili vilienda na safari ya kwanza." Kweyu alikuwa anaangalia chini. "Wakati huo sikuwa nimefikiria bado. Hivi nilikuwa naviweka kando, mpaka leo."

Viwili vya kwanza. Ndinda alikumbuka. Ndivyo vilivyomnunulia daftari na penseli ya ngumbaru.

"Utanilipa hizo kilo," Kweyu akasema, ila bila nguvu.

Ndinda akasimama, akakitupa kifaa chake juu ya mzani. "Pima hiki."

"Hii ni plastiki, Mama Kavinya."

"Basi pima plastiki."

Kilipogonga mzani kifaa kilijiwasha. Kikaanza kulia juu ya sahani ya chuma ya mzani, mfululizo, bila kupumua, na hakuna aliyethubutu kukizima. Ndinda akachukua waya wa visahani, akamshika mwanawe mkono, wakatoka.

Bado walikuwa wanakisikia walipofika kwenye kona ya kibanda cha mandazi. Ndinda akaketi juu ya jiwe, akafungua waya. Namba, namba, herufi nusu. Kimoja alikuwa amekisugua vizuri kuliko vyote. Alikikumbuka, kilikuwa kimemtoa jasho. Akakigeuza huku na huku. Uso wake mwenyewe ulimtazama kutoka kwenye shaba.

"Hiki hakina kitu," alisema.

Kavinya akapangusa makombo ya mkate kwenye sketi, akakichukua. Akakiinamisha kwenye jua la pembeni, jicho moja amelifumba, akapitisha kidole polepole kama afanyavyo kitabuni.

"Mama, huyu anaitwa Musyoka."