Vidole Vinne Juu ya Kichwa cha Gari

Suzana alipoifikisha pikapu yake kwa Bilali, fundi wa kuchomelea wa Igogo, alikuwa ameshaamua kila kitu. Alitaka keria ndefu ya kubebea mbao, ya kipande kimoja, ifungwe paani juu ya kioo cha mbele, ipite juu ya kichwa cha gari, ikakamatwe kwa bolti kwenye bodi huko nyuma. Aliiona ya namna hiyo kwenye gari la mtu sokoni, imepakwa rangi ya fedha, na tangu siku hiyo hakuwa na habari na keria nyingine.

Huyu hakuwa mwanamke wa mzaha. Alisimamia mashine za kufuma nguo miaka kumi na tisa, mpaka kiwanda kilipopunguza watu mwaka tisini na nne. Kiinua mgongo chote kikaingia kwenye ile pikapu kuukuu, akajifunza kuiendesha mwenyewe. Ndugu zake walisema heri angenunua ng'ombe, maana ng'ombe akikushinda unamla. Sasa Alexander, mtengeneza mitumbwi wa pale ufukweni, alikuwa amempa ahadi: Alhamisi alete mbao za futi kumi na nane kutoka Usagara. Zikifika salama, kazi ya kumsombea mbao ni yake. Zisipofika, wenye magari mjini ni wengi.

Bilali alikuwa kijana ambaye Suzana angeweza kumzaa. Alilizunguka gari mara tatu, akagonga paa kwa vifundo vya vidole, akalala chini kuchungulia chesisi.

"Mama, hivyo unavyotaka sifungi."

"Hufungi au huwezi?"

"Naweza. Ila sifungi."

Suzana alikasirika, na tusimpunguzie, alikasirika sana. Ilikuwa Jumanne tayari. Alimuuliza kama mteja akileta kazi siku hizi anafukuzwa. Bilali aliomba ufunguo, akamwomba apande nyuma.

"Mkono wa kulia uweke juu ya kichwa cha gari, wa kushoto ushike bodi. Nitakwenda polepole."

Akashika njia ya Buswelu, ile iliyojaa makorongo. Kwenye shimo la kwanza mkono wa kulia wa Suzana ulivutwa huku, wa kushoto ukavutwa kule. Kwenye la pili ikawa kinyume chake. Gari aliloliona siku zote kuwa kitu kimoja, kumbe lilikuwa vitu viwili vilivyokaa jirani, kila kimoja na mwendo wake. Mikono yake ilikuwa na elimu ya miaka kumi na tisa. Ilijua kitambaa kikivutwa pande mbili kinaishia wapi, na keria iliyofungwa pande zote mbili ingefuata njia hiyo hiyo. Hawakufika hata nusu ya njia, akagonga paa.

"Basi, geuza. Nimeelewa."

Jumatano nzima alikaa juu ya kreti, akimtazama Bilali anavyofanya kazi. Miaka ile maduka yalifurika vitu vya Dubai, na watu walisifu chochote kilichokuja kimefungwa kwenye nailoni. Wangemwona huyu kijana wangenyamaza. Miguu yote ya keria aliisimamisha kwenye bodi, akaitia mikono ya kuiegemeza, kisha akayapitisha mabomba ya mbele juu ya kichwa cha gari bila kuligusa paa. Kila alipochomelea alipiga tupa, akapitisha kiganja kutafuta ncha ya kukata kamba, akapiga tupa tena. Suzana alisahau kula. Alijisikia fahari, kana kwamba kijana yule ni wa kwao.

Mwisho Bilali alipitisha vidole vinne kati ya chuma na paa, kutoka mwanzo hadi mwisho. Havikukwama popote.

"Ukishapakia, pima hivi. Vikibaki vitatu, mbao zimezidi. Shusha."

Alhamisi, pale Usagara, mpakiaji mmoja aitwaye Shimba alikwisha kufunga kamba Suzana alipokuja kupima. Vidole vitatu vikapita, cha nne kikagoma.

"Shusha nne," alisema.

"Mama, gari bado halijashiba hili. Unaogopa nini?"

"Naogopa. Shusha nne."

Shimba akashusha huku ananung'unika. Suzana akapima tena, vidole vyote vinne vikapita, ndipo akawasha gari. Njia nzima alisikiliza mlio wa chuma kugusa bati. Haukuja. Ufukweni Alexander alikagua mbao moja moja, akaangalia paa, akaangalia kioo, kisha akasema Jumamosi arudi Usagara kuchukua zilizobaki. Kazi ilikuwa yake.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Bilali, akamkuta ameinamia geti la mtu, wateja watatu wamemzunguka. Suzana akasimama mbele yake, akakunja magoti kidogo.

"Shikamoo, fundi."

Bilali akavua miwani ya kuchomelea, akageuka kutazama kama kuna mzee aliyeingia nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Wateja walicheka, wakidhani ni utani, lakini Suzana hakucheka wala hakunyanyuka. Alikuwa anasubiri kuitikiwa.

Kijana akatazama chini, akaitikia kwa sauti ndogo:

"Marahaba, mama."