Mwanga Nyuma ya Bertila

Asifiwe alikuwa akianua soksi kwenye kamba, jioni ya Juni yenye upepo mkali, taa ya kibarazani ilipoanza kung'aa kupita kawaida. Iliongezeka taratibu, ikafika kilele, ikapungua taratibu vilevile, kisha ikarudi kuwa taa ya nyumba ya kupanga pale Chanji, Sumbawanga. Umeme ukipanda ghafla taa hushtuka, hii haikushtuka. Asifiwe alikunja soksi, akaingia ndani, akauchora mwanga ule ulivyopanda na kushuka. Ulikuwa mchoro anaoushughulikia kila siku.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza, ndani ya kompyuta, mfano wa galaksi yetu kwa ajili ya mradi wa nchi ya mbali uliokuwa ukipiga picha anga lote. Angani kuna miili mingi isiyotoa nuru: nyota zilizokufa, sayari zilizoachana na jua lao. Hakuna darubini inayoiona. Lakini mmoja ukikatiza kati yetu na nyota iliyo mbali zaidi, uzito wake huupinda mwanga wa nyota ile na kuukusanya, nayo nyota hung'aa zaidi kwa muda, kisha hurudi ilivyokuwa. Asifiwe ndiye aliyekadiria matukio ya namna hiyo yangekuwa mangapi, na watu wa mradi walilinganisha makadirio yake na picha zao. Hayakuwa yakilingana.

Alikuja Sumbawanga kumfuata mumewe, Ebenezer, afisa kilimo. Baadaye Ebenezer alihamishiwa Dodoma, akasema atangulie kutafuta nyumba. Alikuwa bado anaitafuta. Ndugu wa Asifiwe kule Tukuyu walidhani yuko Dodoma, na majirani wa Ebenezer kule Dodoma walidhani yuko Tukuyu. Kuna wiki zilipita bila mtu kulitamka jina lake.

Taa iling'aa tena jioni nyingine, naye akaipima kwa simu. Hesabu ilimwonyesha kwamba kilichopita kilikuwa na uzito wa mtu mzima mwembamba, anayetembea polepole na kuchechemea kidogo. Alimweleza mwenye nyumba, Cornelia, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Huyo ni wifi yangu Bertila," Cornelia alisema. "Anapeleka maji jikoni."

Akaendelea kuchambua huku akisimulia. Kaka yake, Christopha, alipofariki, ukoo ulikaa kujadili shamba lake la Mwazye. Wazee walizungumza wakitazamana wao kwa wao, na mjane alikuwa ameketi katikati yao. Kikao kilipokwisha, hakuna aliyemwona tena. Shamba likapewa Yonas, mdogo wa marehemu, kwa kuwa mke hakuonekana. Cornelia akamchukua mjane akae naye mjini, maana nyumba ilikuwa na kazi nyingi.

"Hamkumtafuta?" Asifiwe aliuliza.

"Yupo hapa. Tumtafute wapi?"

Kesho yake Asifiwe alikwenda jikoni. Mwiko ulikuwa ukisonga ugali wa ulezi, na makaa yalikuwa yamewaka mekundu mno kwa upande wa nyuma.

"Shikamoo, mama."

Mwiko ulisimama. Ukazunguka tena mara mbili, kisha sauti kavu ikaitikia, "Marahaba, mwanangu." Bertila aliomba radhi kwa kuchelewa. Alisema alikuwa akihakikisha kwanza kama anasalimiwa yeye.

Tangu hapo wakawa wanakula pamoja. Asifiwe alimsimulia habari za Ebenezer, na Bertila hakumwambia avumilie. Yeye alisimulia shamba: ulipo mteremko, maji yanapotuama, namna alivyofukia majani ndani ya matuta mwaka alioolewa. Siku moja Asifiwe alimuuliza kwa nini hakusema kitu kwenye kile kikao.

"Nilisema," Bertila alijibu. "Nilisema mpaka nikaona aibu kuisikia sauti yangu mwenyewe."

Wiki ile Asifiwe aliurekebisha mfano wake wa galaksi. Mng'ao wa polepole, unaochukua muda mrefu kupanda na kushuka, alikuwa akiutupa kwa kuudhania ni kosa la darubini. Aliurudisha wote, akaongeza idadi ya miili isiyoonekana, na makadirio yakalingana na picha. Watu wa mradi walimwandikia sentensi moja ya asante.

Kabla mvua hazijaanza, aliomba ukoo ukae. Walikutana mchana sebuleni kwa Cornelia, jua likiingia dirishani. Bertila alipita mbele ya dirisha, na sakafu nyuma yake ikawaka kiasi kwamba mzee wa ukoo, Isdori, alisogeza kiti. Asifiwe aliwaonyesha vipimo. Isdori aliuliza maswali ya maana, akaridhika.

"Kwamba yupo, halina ubishi," alisema. "Hata sisi tulijua."

"Basi shamba lake, mzee?"

"Shamba tulishagawa, binti yangu. Alipokuwa haonekani."

"Hata sasa haonekani," Cornelia aliongeza, bila ubaya.

Yonas hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiutazama ule mwanga sakafuni. Aliuliza kama ungefaa kwa mahindi, kwa kuwa upande mmoja wa shamba ulikuwa na ubaridi na miche ilichelewa kila mwaka. Wazee waliona ni wazo zuri. Wakakubaliana kwamba mjane arudi Mwazye, awe anasimama mbele ya jua asubuhi.

Asifiwe alimsihi Bertila asiende. Alimwambia atakuwa akimfanyia Yonas kazi.

"Naenda shambani kwangu," Bertila alisema. "Wao waite watakavyo."

Aliondoka na kitenge kilichofungwa fundo. Jikoni Cornelia aliajiri msichana, na Asifiwe akarudia kula chumbani, sahani ikiwa pembeni ya kompyuta.

Mwezi Machi alipanda gari kwenda Mwazye. Yonas alimpokea vizuri, akamtembeza. Mahindi ya upande wa baridi yalikuwa yamewapita watu urefu, na majirani walikuwa wameanza kuuliza kama mjane anaweza kuazimwa. Katikati ya shamba palikuwa na kipande kilichoangaza kuliko vingine. Asifiwe alisimama karibu nacho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

Walizungumza kwa muda mrefu, mahindi yakitikiswa na upepo. Bertila alitaka kujua kama Ebenezer amepiga simu. Asifiwe alisema hapana. Yonas alingoja kwa heshima mpaka walipomaliza, kisha akamwomba dada Asifiwe amwambie asogee kidogo upande wa kulia.

Kabla Asifiwe hajafumbua mdomo, Bertila alisogea, na mwanga ukasogea naye.