Shimo Namba Tatu

Mwaka 1975 nilikuwa fundi sanifu wa udongo katika ofisi ya ujenzi mjini Bukoba, na nilitaka kitu kimoja tu: kwenda Mlimani, Dar es Salaam, kusomea uhandisi. Siku zile hukutoka shuleni ukaingia chuo kikuu moja kwa moja. Ulifanya kazi kwanza, kisha mkuu wako wa kazi akaandika barua kusema unafaa. Mkuu wangu alikuwa Bwana Ishengoma, mtu wa maneno machache, na barua yangu ilikuwa bado haijaandikwa.

Mwezi wa nane alinituma kijiji kimoja cha ujamaa huko Muleba kupima kiwanja cha zahanati. Wanakijiji walikuwa wamechagua tambarare ya chini, karibu na barabara, ili kila anayepita aone maendeleo yao. Nilisimamia uchimbaji wa mashimo matatu, kila moja likizidi kimo changu. Mpaka chini kabisa udongo ulikuwa mkavu. Nikaandika ripoti kwamba kiwanja kinafaa, nikatia sahihi, na mashimo tukayafunika kwa miti na nyasi. Nilirudi chumbani kwangu Kahororo najiona mhandisi tayari.

Mwezi wa kumi nilirudi na vigingi vya kuwekea alama za msingi. Matofali yalikuwa yaletwe Jumatatu. Pale kwenye shimo namba tatu nilimkuta mzee amesimama, mikono kiunoni, amefura kwa hasira. Jina lake Ta Rugemalira; Ta ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima.

"Injinia yuko wapi?" aliniuliza.

"Ndiye mimi, Ta."

"Mwisiki, nauliza injinia." Mwisiki ni binti kwa Kihaya. Akachungulia Landrova ya ofisi, akamwona dereva amelala. "Basi utamwambia. Ndizi zangu zimeoga."

Nilichungulia shimoni. Kwetu Wahaya, ndizi za rubisi huivishwa ardhini: unatandika majani ya mgomba ndani ya shimo, unapanga ndizi, unafunika kwa majani mengine, kisha udongo juu. Baada ya siku chache zimeiva, unakamua pombe yako. Ta Rugemalira alikuwa amelifanya shimo langu la serikali kuwa lake, wala hakuona aibu.

"Kuta zimenyooka namna hii, halafu mnaliacha bure!" alisema. "Nikasema hawa watoto wameuhurumia mgongo wangu. Sasa ona!"

Nilicheka. Ndizi zilikuwa zimeoza, zinaelea kwenye maji.

"Ni mvua, Ta. Imeanza mapema mwaka huu."

"Mvua!" Akainama, akachukua majani aliyokuwa amefunikia, akanisukumia mkononi. Yalikuwa makavu. "Siku hizi mvua inanyesha kutoka chini?"

Kicheko kikaniishia. Maji yalikuwa yametoka ardhini, na msingi juu ya maji hausimami. Nami niliogopa, na sitadanganya, kitu cha kwanza kunijia hakikuwa wagonjwa wa kijiji kile. Ilikuwa barua yangu. Hakuna aliyejua zaidi ya mzee huyu na ndizi zake, na mzee anayelalamikia ndizi hasikilizwi na ofisi. Ningeweza kupigilia vigingi vyangu nikaondoka.

Badala yake nikavitupa chini, nikaenda kufunua shimo namba moja. Maji, futi mbili tu kutoka juu. Namba mbili, vilevile. Nilikasirika mpaka machozi yakanilengalenga. Baba yangu kule Buhembe huchimba shimo lake la ndizi sehemu ya juu ya kibanja, shamba letu la migomba, kamwe si bondeni. Utotoni nililibebea majani shimo lile miaka na miaka, wala sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilikuwa nimesoma vitabu, nikachimba wakati wa kiangazi, nikakiamini kiangazi.

"Ta," nilimwuliza, "wewe ungechimba wapi?"

Akanyoosha mkono kuelekea mlimani, hatua kama mia mbili hivi. "Pale. Ila ndizi nitaweka mimi."

Tukachimba namba nne, akaijaza ndizi. Mvua ikanyesha siku sita mfululizo. Siku ya saba tulifunua pamoja: ndizi zilikuwa za manjano, harufu tamu ikatupanda puani, na chini kabisa udongo ulikuwa mkavu. Ta Rugemalira alinimenyea moja, nikaila palepale nimekaa kwenye matope.

Siku ileile nilipovitupa vigingi nilikuwa nimetuma taarifa kwamba matofali yangoje, nikaandika na ripoti ya pili: ya kwanza ina makosa, makosa ni yangu. Niliporudi Bukoba, Bwana Ishengoma alizisoma zote mbili mezani kwake, taratibu.

"Nani alikuambia ufunue namba moja na namba mbili?"

"Hakuna, Bwana."

"Sawa. Unaweza kwenda."

Miezi ikapita. Zahanati ikajengwa kule juu, na siku ya kuifungua Ta Rugemalira alileta kibuyu cha rubisi, akanipa mimi kwanza, mwenyekiti akisubiri. "Mwisiki," aliniambia, "mwambie injinia lile shimo lake la mwisho lilikuwa zuri." Nilimwahidi nitamwambia.

Mwaka uliofuata niliitwa ofisini nikapewa bahasha iliyofungwa. Niliibeba kwa meli, kisha treni, mpaka Dar es Salaam, bila kujua kilichomo. Karani wa Mlimani aliifungua akakunja uso.

"Mkuu wako hajui kuandika barua? Wenzako wameletewa kurasa mbili."

Akanigeuzia karatasi. Bwana Ishengoma alikuwa ameandika mstari mmoja: "Alirudi kufunua mashimo yake mwenyewe bila kutumwa. Mchukueni."

Nililia palepale dirishani kwa furaha, foleni nzima ikinitazama.