Bora Aitwe Mlevi

Kinyozi alikuwa na maneno mengi kuliko nywele alizofagia, na miaka yote mwanawe alipokuwa vitani, hakuna mteja aliyeinuka kitini bila kusikia habari za Koplo. Koplo kafanya hili, Koplo kapewa nishani ile. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu wetu alijinyoa na mafuta akajipaka.

Sasa Koplo alikuwa kizimbani, ameshatiwa hatiani kwa kumvunja mteja taya. Ilibaki adhabu tu. Wakili wake, binti wa rika la wajukuu, alimvuta mzee pembeni kwenye korido. Daktari ameshaeleza maradhi ambayo vita vilimwachia Koplo, alisema, ila hakimu anataka kujua kama ndiyo yaliyosababisha kosa siku ile. Akiridhika, atampa kifungo cha nje na matibabu. Asiporidhika, ni jela.

"Mteja alikuwa na povu usoni, hakuona kitu. Aliyeona ni wewe, baba. Sema kama ulivyoniambia."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Alichoona ni hiki. Nje lori lilipasuka tairi. Koplo, aliyekuwa akikunja taulo, alijitupa chini ya benchi, akajikunyata, akalia, na suruali ikalowa. Mzee hakumwonea huruma, tusimpambe. Aliona haya. Alimkamata ukosi akamvuta: "Inuka! Unanitia aibu!" Koplo aliinuka akirusha ngumi ovyo, na moja ikamkuta mteja aliyekuwa ananyanyuka kitini. Polisi walipouliza, mzee akawahi kusema kijana amelewa. Mlevi watu humtania, kisha yakaisha. Lakini askari wa kujikojolea?

Mzee akaapishwa.

"Siku ile mwanao alikuwa katika hali gani?" hakimu aliuliza.

"Alikuwa..." Aligeuka kidogo, akaviona vichwa alivyovinyoa mwenyewe, vimesogea mbele kusikiliza. "Alikuwa amelewa, mheshimiwa."

Wakili akafumba macho.

Hakimu akamgeukia Koplo. "Daktari anasema hugusi pombe. Baba yako anasema ulilewa. Nimwamini nani?"

Kijana yule hakuwahi hata kuonja pombe. Alimtazama baba yake, akaona anavyowaibia macho wateja wake, akasimama wima kama alivyofundishwa jeshini.

"Mwamini baba, mheshimiwa. Daktari nilimdanganya."

Akapewa miaka mitatu.

Kwenye ngazi, mteja mmoja wa siku nyingi alimshika mzee bega. "Pole, jirani. Lakini umezaa mwanamume. Kakubali kosa lake, hakujitetea hata kidogo."

Hizo ndizo sifa alizozitafuta maisha yake yote, na zilimchoma. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona, hata siku ile ya benchi. Akageuka, akapanda ngazi akihema, akausukuma mlango wa mahakama. Kesi nyingine ilikuwa imeshaanza, na Koplo alikuwa ameshapakiwa kwenye gari la magereza.

"Nimesema uongo!" alisema.

Karani aliinuka kumzuia. "Mzee, punguza sauti."

"Sipunguzi! Mwanangu hakulewa. Aliogopa, akaingia chini ya benchi, akajikojolea. Mimi ndiye niliyemvuta kwa nguvu. Ningemwacha pale, asingempiga mtu."

Wateja wake walikuwa wamemfuata hadi mlangoni, na wote walisikia. Hakuwajali tena. Hakimu aliweka kalamu chini.

"Na ulipomvuta, yeye alisema nini?"

Mzee akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Alisema, 'Baba, niache kidogo tu. Itapita.'"