Kikombe Kisicho na Tundu

Maziwa yalimiminika kikombeni vizuri kabisa, yakapanda, yakatoa mapovu, halafu yakapenya kitakoni na kumwagika mezani kwa raha zao. Kitinda akaikodolea macho kompyuta kwa chuki. Ilikuwa saa moja asubuhi. Saa nne studio ya katuni ilikitaka kipande hicho cha filamu, na ndicho kingeamua kama baada ya miezi mitatu ya majaribio angeajiriwa au angeambiwa asante, nenda salama.

Tangu jana alikuwa akiongeza matone yanayounda maziwa hayo, akidhani yakiwa mengi yatatulia. Laki moja, laki tano, milioni. Kila alipoongeza, yalivuja zaidi, naye kwa ubishi wake wa kitindamimba akaongeza tena.

Mama yake akapita na ufagio, akasimama nyuma ya kiti.

"Hayo nani atayapangusa?"

"Mama, niache. Kikombe hakina tundu, nimekagua."

"Sasa yanapitia wapi?"

Kitinda akashusha pumzi. "Programu haiyatazami muda wote. Inachungulia mara moja tu kwa kila picha. Tone likiwa na kasi, mara hii liko juu ya kitako, mara ijayo liko chini. Halikuonekana likipita."

"Kumbe ni kama nyinyi na sukari yangu. Nikichungulia jikoni mmetulia kama malaika, nikirudi kopo tupu. Mpaka nilipoanza kuchungulia kila dakika ndo mkakoma."

Kitinda akacheka, kisha akaigeukia kompyuta. Jana nzima alikuwa akiongeza wezi badala ya kuongeza macho.

Akapandisha idadi ya kuchungulia kutoka moja hadi nane. Kompyuta ikadai muda wa saa tisa kukokotoa, na yeye alibakiwa na tatu. Hapo iliuma. Aliyapenda matone yake milioni kuliko alivyotaka kukiri. Akayapunguza mpaka laki mbili, akabonyeza.

Saa nne kasorobo akatuma kipande. Mkuu wa studio, mwanamke asiye na maneno mengi, akapiga simu.

"Mapovu ni machache," akasema. "Ila maziwa yamekaa ndani. Jumatatu uje usaini mkataba. Utaanza na kipande cha mvua."

Kitinda akamwita mama yake. Mama akatazama maziwa yakijaa kikombeni na kutulia.

"Rudia," akasema.

Akarudia. Mama akachungulia kitako cha kikombe mara nane, akihesabu kwa vidole, ndipo akauweka ufagio chini na kumkumbatia.