Maua Yaliyong'olewa Kiangazi

Mama mkwe wa fundi cherehani alikuja kumuuguza binti yake, na binti alipofariki hakuna aliyemwambia aondoke. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alilichukua mwenyewe asubuhi ya kwanza, akaenda kupalilia maua ambayo binti yake aliyapanda mbele ya nyumba.

Yalikuwa maua ya rangi ya chungwa, yale yanayokauka kiangazi ukadhani yamekufa, kumbe yamelala yakisubiri mvua. Mama aliyatilia samadi, akayafunika kwa nyasi kavu, na kila shina liliponenepa alilipasua akapanda kipande pembeni, mpaka yakafika mlangoni. Fundi alimwona kupitia dirisha la chumba cha kushonea. Hawakuwa na maneno mengi. Mtu na mkwewe, kila mmoja alilia upande wake.

Mwaka wa tatu fundi akapata mchumba, mjane muuza vitambaa, mwanamke asiye na ubaya na mtu. Aliomba jambo moja tu: uwanja umwagwe saruji, maana matope yalikuwa yanaingia mpaka sebuleni. Fundi alikubali, kisha akahangaika namna ya kumweleza mama. Kila alipofungua mdomo aliishia kuuliza kama chai ina sukari.

Lakini maneno hayana miguu na hufika. Siku moja fundi alirudi kutoka kununua nyuzi akamkuta mama amepiga magoti kwenye vumbi, uwanja mzima umechimbuliwa. Nusu ya mashina yalikuwa kwenye gunia lenye majimaji, nusu kwenye ndoo.

"Mama, nilikuwa nataka kukwambia."

"Najua, mwanangu. Ukiyang'oa yakiwa yamelala hayaumii. Haya ya gunia nakwenda nayo kwa shemeji yako. Ya ndoo ni yako."

Fundi alitaka kumwambia abaki. Akajikuta anamshukuru.

Baada ya harusi saruji ilimwagwa, ikafagiliwa, ikapendeza. Ya kwake fundi aliyapanda nyuma ya choo, mahali pekee palipobaki udongo. Mvua zikaja, yakatoa majani marefu, lakini hayakuchanua. Mvua za pili vilevile. Mkewe alipouliza ni mmea gani huo, alimjibu ni majani tu.

Mwishowe akampigia mama simu.

"Yanapata jua?" mama akauliza.

"Kidogo. Ukuta unayaziba."

"Basi yahamishe."

"Niyahamishie wapi, mama? Kwingine kote ni saruji."

Mama akasema amsalimie mkewe, wakaagana. Fundi hakuuliza kama yale ya gunia yalichanua. Alirudi kwenye cherehani. Palikuwa na suruali ya mtu iliyotakiwa jioni ile, na mguu mmoja ulikuwa bado haujapindwa.